Bei Yako Iko Likasi, Haiko Japani

Barua



Mimi ni mama wa watoto wanne, ninakaa Panda, hapa Likasi. Ninauza bunga na samaki wakavu sokoni. Kwa miaka mingi nimeweka pesa, nyingine za likelemba, nyingine za kiwanja tulichouza. Leo nina dola 11,000, na ndani yake mna dola 1,200 za minervali ya watoto. Ninataka kununua Hiace ibebe abiria kati ya Likasi na Lubumbashi. Baba watoto ndiye atakayeendesha.

Kuna kijana ambaye ni wakala wa kampuni inayonunua magari kwenye minada ya Japani. Ananitumia picha kwenye simu, ninamtajia bei yangu ya juu, halafu wao wanaingia mnadani. Mara ya kwanza nilitoa dola 2,600, gari likaenda kwa 2,650. Mara ya pili nilitoa 3,100, nikakosa. Mara ya tatu 3,600, nikakosa tena kwa kidogo tu. Sasa usingizi umenikimbia. Wakala anasema nikubali dola 5,000 mara moja ili tumalize. Shemeji yangu yuko tayari kunikopesha dola 2,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Baba watoto anasema niachane na mambo haya, lakini mimi naona nikiacha sasa nitakuwa nimepoteza muda wangu wote. Mnada ni wiki ijayo. Mama, niweke ngapi?

T.K., Panda

Jibu

T.K. mwanangu, jambo. Barua yako nimeisoma yote, na kabla ya hesabu nataka nikupe pongezi. Mama anayepima bunga kwa kopo tangu asubuhi mpaka jua linazama, akakusanya dola 11,000 bila kuiba na bila kuuza heshima yake, huyo si mtu wa kupumbazwa na simu. Wazo la Hiace si la kipuuzi. Kila siku watu wanatoka Likasi kwenda Lubumbashi kutafuta bidhaa, hospitali, karatasi za ofisi na ndugu zao. Kazi ipo.

Ila swali lako, "niweke ngapi?", umelipeleka kwa mtu asiyeweza kulijibu. Umemuuliza wakala, na kila ulipokosa umeuuliza mnada wenyewe. Wote wawili jibu lao ni moja tu: ongeza. Njoo tuliulize mahali linapostahili kuulizwa.

Umekosa nini hasa?

Tuanze na hizo mara tatu zinazokunyima usingizi. Unasema mara ya kwanza ulikosa kwa dola 50. Hapana, mama. Katika mnada wa kupanda, mshindi hafunui mfuko wake wote. Anapanda hatua moja juu ya mtu wa mwisho aliyebaki, na hapo nyundo inagongwa. Aliyechukua gari kwa 2,650 huenda alikuwa tayari kufika 4,000. Kama ungeongeza dola 50, naye angeongeza. Unachokijua ni kwamba alikushinda. Alikuwa amebakiza kiasi gani, hukijui.

Na huyo mtu ni nani? Unamwona kama jirani aliyekupora kitu sokoni, kumbe hakujui wala hajui Likasi iko wapi. Magari yale yanagombewa na wauzaji wa Japani kwenyewe, na mawakala wanaonunulia watu wa Pakistani, Falme za Kiarabu, New Zealand, Kenya, Tanzania na kwingineko. Kila mmoja ana soko lake na ushuru wake. Kenya, kwa mfano, hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Basi gari la miaka 7 utaligombania na Nairobi nzima, na likishavuka umri huo wanunuzi hao wanaondoka. Bei aliyotoa mtu wa soko lingine haikuambii lolote kuhusu faida utakayoipata wewe kwenye barabara ya Lubumbashi.

Kwa hiyo muda wako haujapotea. Mara tatu umeingia mnadani na mara tatu umetoka na pesa zako zote. Anayepaswa kukosa usingizi ni yule aliyeshinda kwa bei asiyoiweza.

Mnada wenyewe unavyokwenda

Kundi kubwa la minada ya magari huko Japani linaitwa USS. Mnada wake wa Tokyo uko Noda, katika mkoa wa Chiba, na hufanyika kila Alhamisi. Magari maelfu hupita kwa siku moja, na kila gari hupewa muda usiofika hata dakika. Mtu wa kawaida haingii. Wanaingia wanachama, na wewe unaingia kwa mgongo wa mwanachama kupitia wakala wako. Hakuna nafasi ya kufikiri pale. Kufikiri kote kufanyike kabla, mezani kwako, ukiwa umeshiba na umetulia.

Sokoni Likasi umezoea mambo mengine: muuzaji anaanza juu, wewe unaanza chini, mnakutana katikati. Mnadani hakuna anayeshuka. Kila mdomo unaofunguka unaipandisha bei, na kinachoweza kuisimamisha ni kikomo ulichojiwekea mwenyewe.

Kulikuwa na mtaalamu wa uchumi aliyeitwa William Vickrey. Mwaka 1961 aliandika makala iliyoonyesha kwamba katika mnada ambao mshindi analipa bei ya yule anayemfuata, njia bora ni kutaja kwa ukweli thamani ambayo kitu kinayo kwako. Ukitaja chini, unaweza kukikosa kitu ambacho kingekufaa. Ukitaja juu, unaweza kukipata kwa bei itakayokuumiza. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobel, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Minada ya kwenye intaneti, kama ile ya eBay iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, inakwenda karibu na kanuni hiyo: unaandika kikomo chako mara moja, mashine inakupandishia kidogo kidogo, inasimama hatua moja juu ya mpinzani wako. Mnada wako wa Japani nao, wakala akiwa mwaminifu, unafanana na huo. Kikomo chako kinaweza kuwa 2,500 na gari ukalipata kwa 2,200.

Tuendelee basi. Una vikomo viwili vya kuhesabu. Kimoja ni cha thamani ya gari, cha pili ni cha mfuko wako. Ukishavipata, unachukua kilicho chini.

Kikomo cha kwanza: gari hilo linafaa kiasi gani hapa?

Hesabu hii inaanzia Likasi na kurudi nyuma mpaka Japani. Namba nitakazotumia ni za mfano. Kabla ya wiki ijayo nenda kaulize zako: kwa wauza magari wa Lubumbashi, kwa wakala wa forodha anayejua mpaka wa Kasumbalesa, na kwa mtu aliyeleta gari mwaka huu huu.

Tuseme Hiace ya aina unayoitaka, iliyokwisha kuvuka mpaka, yenye karatasi zote, inauzwa Lubumbashi kwa dola 11,000. Hiyo ndiyo thamani yake. Sasa toa gharama.

Meli kutoka Japani mpaka Dar es Salaam, tuseme 1,700. Bandari ya Dar, dereva, mafuta na ada za njiani, kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 2,000 kabla ya kufika Lubumbashi: 1,300. Ushuru wa forodha wa DGDA, kodi ya TVA, ukaguzi wa OCC na ada nyingine za mpakani: 2,600. Wakala na benki ya kutuma pesa: 500. Namba za gari, bima, magurudumu na matengenezo ya mwanzo: 700. Jumla dola 6,800.

Toa 6,800 kwenye 11,000, zinabaki 4,200. Lakini usizitaje zote mnadani. Ukilipa 4,200 utakuwa umesubiri miezi, umebeba hatari ya bahari na ya barabara, halafu umeishia na gari la 11,000 ambalo ungelinunua Lubumbashi siku hiyo hiyo ukiligusa kwa mkono. Lazima usumbufu wako na hatari yako vilipwe. Weka dola 1,000 kwa ajili hiyo. Kikomo cha thamani kinakuwa 3,200.

Kumbuka pia kwamba ushuru unahesabiwa juu ya bei ya gari pamoja na usafiri na bima. TVA yetu ni asilimia 16. Kila dola 100 unazoongeza mnadani, TVA peke yake inaongeza dola 16 au zaidi, kabla hujagusa ushuru wenyewe. Ukiongeza bei kule, unalipa tena huku.

Kikomo cha pili: mfuko wako

Una dola 11,000. Minervali ya watoto, dola 1,200, si pesa za gari. Zitoe leo, uzipeleke mahali ambapo hata wewe utaona taabu kuzifikia. Zinabaki 9,800. Toa zile gharama 6,800, zinabaki 3,000.

Sasa weka akiba ya mambo usiyoyajua. Yen ya Japani haikai mahali pamoja. Mwaka 2024, mwezi wa Julai, dola moja ilinunua zaidi ya yen 160. Kufikia katikati ya Septemba ilikuwa imeshuka hadi kwenye 140 hivi. Dau la yen 375,000 ni dola 2,500 kama dola ni yen 150, lakini ni karibu dola 2,680 kama dola ni yen 140. Gari lile lile, bei ile ile, nawe umepungukiwa dola 180. Ongeza betri iliyokufa baharini, redio iliyoibwa njiani, siku mbili za ziada Kasumbalesa. Weka dola 500 za mambo hayo. Kikomo cha mfuko ni 2,500.

Thamani inasema 3,200, mfuko unasema 2,500. Unachukua 2,500. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, mwanangu, na ubawa wako leo unafika hapo. Ona kwamba dau lako la kwanza kabisa, lile la 2,600, lilikuwa karibu na ukweli kuliko yote yaliyofuata. Ulianza na akili. Kukosa ndiko kulikokuvuta juu.

Na zile 5,000 za wakala? Ongeza 6,800, unafika 11,800. Ongeza TVA ya ile nyongeza, umevuka 12,000. Umelipa 12,000 kwa kitu kinachouzwa 11,000 Lubumbashi, na pesa hizo huna.

Anayeshinda ndiye aliyekosea zaidi

Mwaka 1971, wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield ya Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza jambo lililokuwa linazisumbua kampuni zilizogombea vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Kila kampuni ilikuwa na wataalamu wake wa kukadiria mafuta yaliyo chini ya bahari. Wengine walikadiria chini, wengine juu, na kitalu kilikwenda kwa yule aliyekadiria juu kuliko wote. Kwa hiyo mshindi, mara nyingi, alikuwa ndiye aliyekosea zaidi. Jambo hilo linaitwa laana ya mshindi.

Kama kampuni zenye mashine na wahandisi zilinaswa hapo, sisi tunaotazama picha sita kwenye simu iliyopasuka kioo tuwe waangalifu mara mbili. Watu ishirini wanaitazama Hiace moja. Kumi na tisa wameona jambo likawafanya wanyamaze. Wewe uliyebaki peke yako umeona nini ambacho wao hawakukiona, au wao wameona nini ambacho wewe hukukiona? Kadiri usivyolijua gari, na kadiri wanavyokuwa wengi wanaoligombea, ndivyo dau lako linavyopaswa kushuka.

Isome karatasi kabla ya picha

Kila gari la mnada wa Japani lina karatasi ya ukaguzi. Kama wakala hakukutumia karatasi hiyo, usitaje bei hata ya dola moja. Akikutumia, isome hivi.

Juu kuna alama ya gari zima, kwa mfano 4 au 3.5. Ukiona R au RA mahali hapo, ujue gari lilipata ajali likatengenezwa. Karibu na hapo kuna herufi ya hali ya ndani: A ni nzuri, na kadiri unavyoshuka B, C, D ndivyo viti na dari vinavyochoka. Halafu kuna mchoro wa gari wenye herufi ndogo ndogo. A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu. Namba inayofuata inaonyesha ukubwa: U1 ni kidogo, U3 ni kubwa. XX ni kipande kilichobadilishwa.

Mwaka wa gari nao huandikwa kwa hesabu ya wafalme wao. H17 ni mwaka wa 17 wa enzi ya Heisei. Ongeza 1988, unapata 2005. Tangu Mei 2019 wako kwenye enzi ya Reiwa. Hapo unaongeza 2018. Kuna pia maneno ya Kijapani aliyoyaandika mkaguzi kwa mkono. Mara nyingi moshi, mtikisiko wa gia na mafuta yanayovuja vimetajwa hapo. Dai utafsiriwe yote. Kwa kila kasoro unayoigundua, shusha dau lako.

Jambo lingine, nalo ni la uhai. Japani wanaendesha kushoto, sisi tunaendesha kulia. Hiace iliyotengenezwa kwa barabara zao ina usukani kulia na mlango wa abiria kushoto. Hapa kwetu mlango huo unafunguka katikati ya barabara, mahali malori ya madini yanapopita. Fikiria mama mwenye mtoto mgongoni akishukia upande huo. Kuhamisha usukani na mlango ni kazi ya fundi mzuri na ni pesa, na pesa hiyo haimo kwenye hesabu yangu ya juu. Tena serikali imeshatoa amri zaidi ya mara moja kuhusu magari ya usukani wa kulia na kuhusu umri wa magari yanayoingia. Kamwulize wakala wa forodha amri iliyopo leo inasemaje, kabla ya mnada. Ukiuliza gari likiwa Kasumbalesa, utakuwa umechelewa.

Wakala na simu yake

Sisemi kijana wako ni mwizi. Simjui, na ninamdhania mema. Lakini mwulize mambo manne, akujibu kwa maandishi.

Malipo yake ni kiasi kilichokatwa, au ni asilimia ya bei ya gari? Kama ni asilimia, kila unapopanda naye anapanda. Ushauri wake wa kuongeza uupime ukijua hilo. Baada ya mnada atakuonyesha bei ambayo nyundo iligongwa, au atakutajia tu kwa mdomo? Amana yako inarudi yote ukikosa? Na pesa zinakwenda kwenye akaunti ya kampuni, au kwenye simu ya mtu? Kama ni kwenye simu ya mtu, funga mkoba wako urudi nyumbani.

Akishakujibu, mpe kikomo mara moja, kwa maandishi, kwa yen, na umwambie waziwazi kwamba hutapokea simu ya kuongeza siku ya mnada. Anayekupigia wakati nyundo iko hewani anataka jibu la moyo, na moyo wako mwezi huu umechoka.

Deni la shemeji

Hapa niache upole kidogo. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi ni ile ile tunayoiita mtaani Banque Lambert, hata kama anayeitoa anakula bukari mezani kwako. Dola 2,000 zitazaa dola 400 kila mwezi. Tangu ulipe gari mpaka lipande meli, lifike Dar, livuke Zambia, litoke forodhani, lipate namba na bima, hesabu miezi mitatu kama hakuna lililokwama. Utakuwa unadaiwa riba ya dola 1,200 kabla abiria wa kwanza hajakaa kitini. Hiyo ndiyo minervali yenyewe ya watoto wako, umempa shemeji.

Mbaya zaidi, gari likifika Dar na pesa za kulitoa zimekwisha, bandari haikuhurumii. Siku za bure zikipita, kila siku inayofuata ina malipo yake ya kuegesha. Kasumbalesa nako ni vilevile. Gari ulilolishinda litakaa limesimama huku likikula. Ndipo mtu anapouza gari lake kwa hasara mpakani, au anauza nyumba kuliokoa. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Deni hilo likatae kwa heshima, kwa maneno machache, na usilirudie. Udugu wenu utabaki salama kuliko ukilichukua.

Njia zilizo mbele yako

Ya kwanza, endelea na mnada kwa kikomo cha 2,500. Huenda ukakosa mara tano, hata kumi. Vumilia. Magari hayaishi, Alhamisi nyingine itakuja na mengine. Tafuta yale ambayo wengi hawayagombei: rangi isiyopendwa, mkwaruzo wa mlangoni ambao fundi wa Likasi anaumaliza kwa siku moja, gari lililovuka umri wa soko la Kenya lakini bado linakubaliwa na sheria yetu.

Ya pili, nunua kwa bei iliyobandikwa. Ziko kampuni za Japani zinazouza bila mnada, kama BE FORWARD ya Tokyo. Bei inaweza kuwa juu kidogo, lakini unaijua kabla, na unaweza kulala. Hata kama hutanunua kwao, zitazame bei zao kila wiki. Haifai kushinda mnadani kwa bei inayozidi ile iliyobandikwa.

Ya tatu, nenda Lubumbashi na fundi unayemwamini, mkatazame gari lililokwisha kuingia. Una dola 9,800 mkononi. Kwenye mfano wangu Hiace ni 11,000, lakini mwenye pesa taslimu mezani hupunguziwa, na gari dogo kidogo hupatikana. Unaisikia injini kwa masikio yako. Bahari haimo, Dar haimo, yen haimo. Hii ndiyo njia anayoweza kuikubali baba watoto bila ugomvi, kwa sababu atashika usukani kabla hujalipa.

Ya nne, subiri. Miezi michache ya likelemba itainua kile kikomo cha mfuko. Hakuna aibu katika kusubiri.

Katika hizi nne, mimi ningeanza na ya tatu. Jumamosi moja ya kwenda Lubumbashi itakugharimu nauli tu, na itakupa ile namba ambayo hesabu yote inaitegemea: Hiace inauzwa ngapi hapa kwetu leo. Bila namba hiyo dau lolote ni la kubahatisha.

Neno langu kwako

T.K., mkamia maji hayanywi. Umelikamia gari hili mpaka limekutoa usingizi, na mtu aliyekamia haoni bei. Usihesabu mara ulizokosa. Mnada wa wiki ijayo haujui kwamba ulikosa mara tatu, wala hautakulipa fidia. Hesabu unachobakiza mkononi baada ya gari kufika mlangoni kwako.

Keti na baba watoto leo jioni, watoto wakilala. Mwonyeshe namba zote, hata zile ulizomficha. Yeye ndiye atakayeendesha, naye ndiye atakayekaa na hasara pamoja nawe. Andikeni hesabu kwenye karatasi moja, mwandike kikomo chini yake, mtie sahihi wote wawili. Namba za Lubumbashi na za wakala wa forodha zikiibadilisha hesabu, badilisheni pamoja, kabla ya siku ya mnada. Siku ya mnada yenyewe hakuna kinachobadilishwa.

Kwa namba ulizoniletea na zile nilizokadiria, dau lako ni dola 2,500. Likipatikana kwa hiyo, lichukue. Likienda kwa 2,550, mwache aliyelichukua aende nalo, nawe amka asubuhi ufungue meza yako sokoni.